Tupeane uzoefu: farasi wako alibadilika tabia ulipomuanzishia balansa?

Saisi_wa_zamu
Wadau habari zenu. Nina farasi maksai hapa, yaani dume aliyehasiwa, namkadiria kilo 500 hivi, alikuwa anakula nafaka mchanganyiko zenye molasi, nikashauriwa nimtoe huko nimwekee nyasi kavu za kutosha na balansa juu yake, zile tembe zenye vitamini, madini na protini. Kipimo ni gramu 100 kwa kila kilo 100 za uzito, kwa hiyo kama nusu kilo kwa siku. Sasa hapa bandani kuna mmoja anasema balansa inapandisha farasi mizuka, mwingine anasema inamtuliza, na wote wanaapa kabisa. Mliotumia mliona nini? Ila jamani semeni na kabla ya hapo mlikuwa mnalisha nini, maana mtu anakuja anasema "wangu alitulia" halafu hasemi alimtoa kwenye nini.

Mama_Kipilipili
Wangu jike. Kabla ya balansa alikuwa anapata nafaka asubuhi na jioni, nyasi kidogo katikati. Chakula kikichelewa kidogo tu mlango wa banda unapigwa kwato mpaka majirani wanasikia, na ukitaka kumfunga mkanda wa tandiko masikio yanalala nyuma, shingo inageuka, meno yanakutafuta mkono. Nikamhamishia kwenye nyasi muda wote na balansa, kwa kweli akatulia mpaka watu wakawa wananiuliza nimempa nini. Lakini ngoja nimalizie: katikati ya hayo daktari alimpitishia kamera akakuta vidonda tumboni, akapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali. Tumbo la farasi linatoa tindikali muda wote hata kama hali kitu, na anapotafuna nyasi ndio mate yanashuka kuipoza, sasa huyu alikuwa anakaa masaa mengi tumbo tupu halafu anapigwa na wanga wa nafaka. Kwa hiyo mimi sifa nazipeleka kwa nyasi na dawa, balansa ilikuwa inaziba pengo la madini tu, ambalo nalo sio dogo.

Hesabu_kwanza
Hii ya kusema balansa inapandisha mizuka naomba tuipigie hesabu kidogo. Wanaoshughulika na lishe ya farasi wanashauri mlo mmoja usizidishe kama gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito, maana ukizidi, wanga unavuka utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, unaenda kuchachuka kwenye utumbo mpana, tindikali inapanda na farasi anakosa raha, wengine ndio hapo wanaanza ukorofi. Farasi wa kilo 500 mpaka wake ni gramu 500 kwa mlo. Balansa yake YOTE ya siku ina uzito huo, na wanga humo ni sehemu tu. Nguvu inayotoka humo haifiki hata sehemu ya kumi ya anachohitaji kwa siku. Kama ana mizuka tafuteni kwingine.

Mteja_wa_mateke
@Hesabu_kwanza hesabu sawa mkuu ila sikiliza na hii. Nilichukua farasi kijana amekonda, mbavu zinahesabika, na kila mtu anasifia upole wake, mtoto anaweza kumpita chini ya tumbo. Kumuanzishia balansa na nyasi nzuri, baada ya wiki kadhaa nywele zikang'aa, mgongo ukaanza kujaa, na yule mpole akatoweka. Anaruka, anakurusha, ukimtoa nje anakuvuta. Watu wote "toa hiyo balansa". Mi nikasema huyu siku zote alikuwa hana nguvu ya kukataa, sasa anayo.

Ila kuna kitu nyie wenye farasi waliokonda mkiangalie. Siku moja nimemvua tandiko baada ya kazi, mgongo wote umelowa jasho isipokuwa sehemu mbili kavu kabisa ukubwa wa kiganja, moja kila upande nyuma ya bega. Tandiko lile alipimiwa akiwa mwembamba. Misuli imeongezeka, lile halijaongezeka, linambana hapo hapo kila hatua. Lilipobadilishwa kurusha kukaisha. Kuvuta hakujaisha, hiyo ni tabia yake na tunapambana nayo kwa mafunzo.

Mama_Kipilipili
Hapo kwa tandiko umenigusa. Watu wengi wanamlaumu chakula kabla hawajapapasa mgongo wala kuangalia meno.

Utulivu_tu
Mimi natumia balansa iliyoongezwa madini ya magnesi, ile wanayosema ni ya farasi wenye wasiwasi. Wangu alikuwa anashtuka hata na mfuko wa plastiki ukipepea, sasa anautazama tu anapita. Mnaobisha bisheni, mimi nimeona kwa macho yangu.

Hesabu_kwanza
Sikatai ulichoona. Farasi mwenye upungufu wa magnesi kweli anaweza kuwa mwepesi kushtuka na misuli kukaza, ukimrudishia anapata nafuu. Ila nyasi nyingi zina magnesi ya kumtosha farasi wa kawaida, na kumuongezea asiyepungukiwa ushahidi wake ni mwembamba. Swali langu, ulipoanza hiyo balansa ulibadilisha na nini kingine?

Utulivu_tu
Nilimpunguzia oti. Na alianza kutoka nje na wenzake badala ya kukaa bandani.

Hesabu_kwanza
😅 haya.

Utulivu_tu
Cheka tu, mfuko siachi.

Kwato_nne
Yangu ni fupi. Nilianza balansa wiki ile ile majani mabichi yameanza kuchipua na nikamuachia malishoni. Farasi akawa kichaa, hashikiki. Nikaitoa balansa, kichaa kikabaki pale pale. Majani machanga yana sukari nyingi hasa siku za jua kali zinazofuata usiku wa baridi, na huyo wangu alikuwa anayala kutwa nzima. Nilipompunguzia masaa ya malishoni akarudi alivyokuwa, na balansa nikairudisha bila shida. Kwa farasi mwenye historia ya kuumwa kwato kwa sababu ya sukari hilo la majani angalieni zaidi ya mizuka.

Bibi_Zizi
Naomba niseme kwa sauti kubwa kuhusu KUZIDISHA maana sijaona mtu kagusia. Rafiki yangu alikuwa anatoa balansa kipimo kamili, juu yake unga mwingine wa virutubisho, na bandani kuna jiwe la madini la kulamba. Vyote vitatu vina madini ya seleniamu. Farasi akaanza kuwa mzito, hataki kutembea, tukadhani ameamua kuwa mvivu, kumbe singa za shingo na mkia zinanyofoka ukipitisha brashi na kwato zinaanza nyufa za kulala karibu na ngozi. Daktari alichukua damu, seleniamu ipo juu. Kwa hiyo tabia ikibadilika kuelekea UNYONGE nayo ni tabia, sio mizuka tu ya kuhofia. Kama unatoa balansa kipimo kamili soma kila mfuko mwingine ulio nao.

Mteja_wa_mateke
Na upungufu wake pia una shida, seleniamu na vitamini E zikiwa chini misuli inauma, farasi anakuwa mkali ukimpiga brashi. Ndio maana kubahatisha hapa hakufai, pima nyasi kama unaweza.

Soya_hapana
Mi wangu alikuwa mkorofi kwenye balansa yenye soya, nilipohamia isiyo na soya akatulia. Sina maelezo. Wenye farasi wa hivi tupo wengi, msituite waongo.

Bibi_Zizi
Hakuna aliyekuita mwongo mwanangu, mrudishie ile ya kwanza kidogo kidogo bila kubadili kitu kingine uone kama ukorofi unarudi.

Soya_hapana
Bibi ukija kumpanda wewe narudisha hata leo

Saisi_wa_zamu
Wakuu nimesoma yote. Kwa hiyo namuhamisha taratibu, siku 7 mpaka 14, nafaka zikipungua balansa ikipanda, tandiko na ratiba ya malisho siigusi kipindi hicho, na kila jioni naandika alivyokuwa.

Mama_Kipilipili
Sawa kabisa. Mwenye jike aandike na siku za joto lake, zile za kutaka dume, zinarudi kila baada ya siku 21 hivi, asije akailaumu balansa bure. Ila wewe uzito umepima au unakadiria kwa jicho?

Saisi_wa_zamu
Kwa jicho.

Mama_Kipilipili
Chukua futi kamba. Mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, zidisha mara kifua tena, zidisha mara urefu kuanzia ncha ya bega mpaka ncha ya kalio, gawanya kwa 11,880. Inakupa kilo, sio za mzani ila za karibu.

Saisi_wa_zamu
Kifua 182, urefu 160. Imekuja kilo 446, basi balansa gramu 450 sio 500. Ameupiga mlango teke nikiwa bado nashika kamba.