Mgonjwa wa presha alipwe ndiyo ameze dawa?

Mpwa wa Umoja:
Nauliza, na mnisikilize kwanza kabla ya kunirukia. Shangazi yangu alipimwa mwaka jana, presha 170 kwa 100. Akapewa tembe, akameza wiki tatu, kichwa kikatulia, akaacha. "Kwani naumwa na nini mimi?" Zilizobaki zilikaa kwenye kikombe juu ya friji pamoja na karatasi za tokeni za stima. Asubuhi moja akipiga mswaki, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Kiharusi. Sasa anafundishwa upya kushika kijiko.

Mtasema ni ukaidi. Wachumi wa tabia, wale wanaochunguza jinsi watu wanavyoamua mambo, wanasema ni ubinadamu tu. Presha haiumi, kwa hivyo faida ya tembe huioni, lakini usumbufu wake unauona kila asubuhi. Tena wanasaikolojia Kahneman na Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza hupita utamu wa kupata kiasi kilekile. Basi tumia hilo. Mwekee mgonjwa shilingi 500 kwa simu mwezi unapoanza, na kila siku asipomeza, zikatwe 20. Kitanda cha mgonjwa wa kiharusi kinakula pesa ngapi? Mimi naona alipwe.

Muuguzi, Mathare:
Na nani atajua amemeza? Tembe zitaenda chooni, pesa zitaingia kwa simu.

Marekani walishajaribu. Utafiti uliotoka 2017 ulichukua wagonjwa zaidi ya 1,500 waliokuwa wametoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo. Walipewa chupa za dawa zinazotoa taarifa zikifunguliwa, na aliyemeza aliingizwa kwenye bahati nasibu ya kila siku. Mwaka ukaisha, hawakuwa wamepunguza kurudi hospitalini kuliko wenzao waliotibiwa kawaida. Hiyo ni chupa ya kisasa na pesa za Marekani. Wewe utafanya na kikombe cha juu ya friji?

Kijana wa Githurai:
Bahati nasibu tena? Mtaa wetu umeisha kwa kubeti, sasa mnataka na mzee wa presha abeti 😂

Mama Mboga, Kawangware:
Mimi niko na presha miaka sita, siombi mtu anilipe. Kwa chama chetu cha Jumapili tuko wanne wenye presha. Yule mhudumu wa afya ya jamii anakuja na mashine yake, tunapimwa mbele ya wenzetu kabla ya kuhesabu pesa. Ukipanda unaulizwa, na ukikubali kwamba uliruka dawa, chai na mandazi ni juu yako. Niamini, mandazi ya watu kumi na nane yanauma kuliko hiyo 20 yako.

Muuguzi, Mathare:
@Mama Mboga hapo nakubali, mradi yule ambaye dawa haimwezi asiaibishwe. Kuna mtu anameza vizuri na presha bado iko juu, huyo abadilishiwe dawa, asilipishwe mandazi.

Halafu tunasahau ya hapa nyumbani Kenya. Kuna utafiti uliochapishwa 2010, wa watu 538 waliokuwa wakianza dawa za virusi vya ukimwi, katika kliniki tatu, Pumwani ikiwamo. Kila wiki nusu yao walitumiwa ujumbe wa neno moja: "Mambo?" Ukijibu "Sawa", basi. Ukijibu "Shida", au ukinyamaza siku mbili, mhudumu wa kliniki anakupigia. Hakuna aliyelipwa kwa kumeza. Waliodhibiti virusi walikuwa asilimia 57, na wale wasiotumiwa ujumbe asilimia 48. Ugonjwa ni mwingine, najua, lakini tembe ya kila siku ni tembe ya kila siku. Ningekuwa na bajeti yako ya 500, ningeajiri mtu wa kupiga simu.

Kijana wa Githurai:
Sasa nani atamwandikia shosho "Mambo?" Utaitiwa kikao cha ukoo.

Mpwa wa Umoja:
Mwanzoni nilitaka kubisha. Ile ya kukata 20 nimeiacha, kwa sababu aliyenyamaza huenda ana shida, na mimi ningekuwa namkata tu. Lakini bado nasema mtu asitozwe nauli ya kwenda kuchukua dawa. Hiyo si rushwa.

Jana nilimjaribu shangazi. Si kwa "Mambo?", nimelelewa. Nikaandika: "Umeamkaje shangazi? Umemeza?" Akajibu kwa sauti, maana vidole bado vizito: "Zimeisha tangu Alhamisi. Kliniki wameniambia hazipo, nikanunue nje. Sikutaka kukusumbua."

Alhamisi. Jana ilikuwa Jumanne.