Naomba ushauri: kamshafti ya pampu ya dizeli, ninunue ipi?

Wakuu, habari za kazi. Nina lori la silinda 6, pampu ya mstari (kila silinda na planja yake, kijiti kinachosukuma dizeli kwenda injini; planja husukumwa na kamshafti, shafti yenye pua), nabeba mahindi kutoka Makambako kwenda Dar. Mwaka jana fundi aliniwekea planja za milimita 12 badala ya 10 ili nikirudi kutoka Dar nipande mlima wa Kitonga bila kuomba Mungu. Nguvu ilikuja kweli. Sasa asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe, na kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta) linakosakosa.

Tumefungua pampu: pua mbili za kamshafti zimelika, ukipitisha ukucha unakwama, na rola ya tapeti moja (kipande kati ya pua na planja) ina vishimo. Oili ya pampu ilinuka dizeli, nyepesi kama maji. Nahisi hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Fundi mmoja anasema ajazie kwa kuchomelea kisha achonge. Mimi naogopa: chuma kigumu ni ngozi ya juu tu, ikiondoka haichukui muda. Dukani kuna mpya ya bei nafuu na mtumba wa Japani, bei karibu mara mbili ya hiyo mpya.

Waliowahi kufunga planja kubwa, ipi ilidumu? Na tapeti nibadilishe zote sita, au hiyo mbovu tu?