Paka wa ugali na mchuzi: analishwa au anajazwa tumbo?

Wadau, juzi jirani alinikuta jikoni namchemshia paka dagaa. Akatikisa kichwa: "Dada, mtaa huu kuna watoto hawajaonja nyama wiki mbili, wewe unampikia paka kitoweo?" Sikumjibu. Neno lake ni zito, na kwa watoto amesema kweli. Lakini kwa paka naona amekosea, ndiyo maana nauleta mjadala huu: paka tunayemfuga aongezewe protini, au ugali na mchuzi vinamtosha?

Wengi tunamlisha paka kama mbwa. Mbwa akila makombo ya ugali na maharage anasukuma siku. Paka maumbile yake ni ya nyama. Viwango vya AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya wanyama Marekani, vinataka chakula cha paka mzima, kikishatolewa maji, kiwe na protini isiyopungua asilimia 26, na 30 kwa anayekua au mwenye mimba. Mbwa mzima ni 18. Unga wa sembe haufiki hata 10. Mchuzi kijiko kimoja utaongeza nini hapo?

Tena si wingi peke yake. Kuna taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki, ambayo mwili wa paka hauwezi kuitengeneza ya kutosha, na kwenye nafaka haipo. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa paka akiikosa macho yanaharibika. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kuwa hata moyo unatanuka na kuishiwa nguvu, na paka wengi walipopewa taurini walipata nafuu. Ugonjwa huu hauji kwa siku moja. Unamwona paka ameshiba, analala juani, kumbe ndani anaisha polepole. Hilo ndilo linaloniuma.

Na mchuzi wenyewe una vitunguu! Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Tunadhani tunamfadhili.

Sasa nirudi kwa jirani. Paka wa kilo 4 hahitaji kilo ya nyama. Gramu 30 za dagaa wakavu, yaani kiganja kimoja, zina protini gramu 15 hadi 18, ambayo kwa siku inakaribia kabisa mahitaji yake. Mimi nawaloweka kutoa mchanga na chumvi, nawachemsha bila kiungo chochote, na maji ya kuchemshia nampa pia kwa sababu taurini huvujia humo. Siku nyingine ni mioyo ya kuku au kichwa cha samaki, navyo nachemsha, maana baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1. Ugali kidogo ukibaki nachanganya, ila dagaa ndio wanaotangulia. Mtoto wa jirani hanyimwi chakula kwa kiganja hicho. Asiyekimudu kabisa, basi afikirie mara mbili kabla ya kuchukua paka wa tatu.

Kuna hoja nyingine, kwamba paka akishibishwa vizuri hakamati panya. Hii siwezi kuitupa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walikuta kuwa paka waliolishwa chakula chenye protini nyingi ya nyama walileta nyumbani mawindo pungufu kwa asilimia 36. Lakini hawakuacha kuwinda. Na paka mwenye afya ndiye mwenye mbio za kumfikia panya. Aliyedhoofika atamkodolea macho tu.

Ninapokubali kusita ni kwa paka mzee mwenye figo mbovu. Huyo daktari wa mifugo huweza kumpunguzia fosforasi na kumpimia protini, kwa hiyo usimwongezee kwa kusikia maneno yangu.

Mnaofuga mnasemaje? Wenye paka wa ndani ya ghorofa, wasioona panya wala mjusi, mnawapa nini kila siku? Na anayeona jirani yangu yuko sahihi aseme wazi, nitamsoma kwa heshima.