Mbuzi wa krosheti mwenye ovaroli: kichwa kinalala, faiba inachungulia

nyuzi_za_pwani

Habari wadau. Nafuma mbuzi wa krosheti wa kukalisha, kichwa kahawia na mwili mweupe kama mbuzi wa aina ya Boer, sentimita 24 hivi bila kuhesabu pembe. Atavaa ovaroli ya bluu, gambuti nyeusi na kofia, na mkononi atashika kapu la mahindi. Uzi ni akriliki wa unene wa kati. Lebo inasema sindano ya milimita 4, mimi natumia 3.5. Ndani ni faiba ya mito. Atakayemchezea ni mtoto wa miaka miwili.

Kichwa na mwili vimeisha lakini haviridhishi. Kichwa kinalala kifuani. Kilipunguzwa hadi mishono 12 ndipo kikashonewa mwilini. Faiba inachungulia kwenye kahawia, hasa kwenye raundi za kupunguza mishono (miwili kuwa mmoja). Ovaroli ina mishono 42 sawasawa na mwili lakini inagoma kupita kwenye nyonga. Halafu ukimtazama usoni, mdomo umehamia kulia, na mishono nimeihesabu sawa pande zote. Naombeni mnisaidie nianzie wapi, na kipi kinaokoleka bila kufumua vyote.

fundi_raundi

Kichwa huna budi kukifumua. Mwili uache, kwa sababu faiba nyeupe ndani ya uzi mweupe hakuna atakayeiona.

Tatizo la kwanza ni sindano. Namba iliyo kwenye lebo ni ya sweta na shali, vitu vinavyotakiwa kulainika na kuning'inia. Mdoli unataka kitambaa kigumu, kwa hiyo uzi wa 4 fumia 3, na kama mkono wako mlegevu shuka hadi 2.5. Kabla ya kuanza kichwa upya fuma duara bapa la raundi 6, yaani mishono 6, 12, 18, 24, 30, 36 kwa kila raundi. Lisizidi sentimita 6 kwa upana. Livute kidogo kwa vidole mbele ya dirisha: ukiona mwanga kwenye matundu, faiba nayo itapata njia.

Angalia pia usije ukawa umefuma kichwa ndani nje. Upande wa nje unaonyesha herufi V zilizopangana. Upande wa ndani una vijistari vya kulala. Wengi hufuma duara likiwa limewageukia vibaya na hawagundui mpaka mwisho. Ukigundua raundi ya 5 au 6, ligeuze tu kama soksi uendelee.

Matundu ya kupunguza yana dawa yake. Ukiingiza sindano kwenye vitanzi vyote vya mishono miwili, mshono unavimba na pembeni yake panabaki tundu. Chukua kitanzi cha mbele tu cha mshono wa kwanza, na bila kuzungusha uzi chukua kitanzi cha mbele cha mshono wa pili. Zungusha uzi, vuta kupitia hivyo viwili, zungusha tena, malizia kama singo ya kawaida (ule mshono mfupi wa msingi). Ukifanya vizuri utapata shida kupaona mahali ulipopunguza.

Hesabu ya kichwa, kuanzia utosini: raundi ya 1 hadi 7 ongeza mishono 6 kila raundi mpaka 42. Raundi ya 8 hadi 15 fuma 42 bila kubadili. Ya 16: singo 5, punguza, mara 6 (36). Ya 17: singo 4, punguza, mara 6 (30). Ya 18: singo 3, punguza, mara 6 (24). Simama hapo. Usishuke hadi 12, maana shingo ya mishono 12 haibebi kichwa cha 42 hata ukiishona mara tatu. Mwili nao uishie 24. Kama uliufunga zaidi, fumua raundi za mwisho tu.

Kuongeza kukipangwa mahali pamoja kila raundi, kichwa kinatoka na kona sita kama nati. Kwenye raundi zenye namba shufwa sogeza. Mfano raundi ya 4: singo 1, ongeza (singo mbili kwenye mshono mmoja), kisha (singo 2, ongeza) mara 5, malizia singo 1. Jumla bado ni 24 lakini kona zinapotea.

Kujaza: shika faiba nyingi kwa mkupuo mmoja, iweke katikati, halafu ongeza kidogo kidogo pembeni kwa mpini wa mwiko. Ukijaza kwa vipande vidogo tangu mwanzo unapata vinundu. Shingoni ndipo pa kushindilia hasa, pande zote mbili za mshono, mpaka ukipabonyeza pasiingie. Shona mshono kwa mshono, zote 24, na kabla hujafunga 6 za mwisho ongeza faiba tena. Kisha zunguka mara ya pili.

kulabu_tatu

Nakubaliana na hesabu, ila kwa shingo kuna njia ya kutoshona kabisa. Mwili ukifika 24 badilisha rangi, fuma raundi moja ya 24, kisha panda 30, 36, 42, raundi 8 tupu, na ushuke hadi 6 utosini. Hakuna mshono wa kukatika. Hasara zake ni mbili: unajaza kupitia utosini, na uso lazima uupange kichwa kikiwa wazi bado.

Anayetaka kushona, aweke kijiti cha mbao kutoka kifuani hadi kichwani, kichwa hakitikisiki tena.

fundi_raundi

Kijiti hapana, si kwa mtoto wa miaka miwili. Mtoto atamkalia mbuzi au atamrusha, na kijiti kikivunjika kinatoboa kutoka ndani. Akitaka mhimili aviringishe kitambaa cha pamba kiwe kigumu, unene wa kidole gumba, urefu sentimita 6, nusu iingie kifuani na nusu kichwani. Kazi ni ile ile.

Na kwa kuwa ni mtoto wa umri huo: macho ya plastiki yenye kishikio cha nyuma usiyaweke. Kile kishikio kinashika vizuri kwenye kitambaa kigumu tu. Kwenye krosheti matundu yanatanuka na jicho linachomoka na kishikio chake. Tarizi macho kwa uzi. Kipimo cha vitu vya kukaba kwa watoto chini ya miaka 3 ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7: kinachozama chote humo ni hatari. Kwa hiyo vifungo, shanga na kengele ya shingoni havimo, na mahindi yashonee ndani ya kapu.

kulabu_tatu

Sawa kwa mtoto. Kwa mdoli wa rafuni kijiti kibaki.

Suala la mdomo kwenda kulia: hesabu yako ni sahihi, kitambaa ndicho kimehama. Singo za kuzunguka bila kugeuza kazi hazipandi wima. Kwa anayefuma kwa mkono wa kulia kila raundi inaegemea kulia kidogo, na macho yako raundi ya 10 wakati mdomo unaanzia ya 11 kwenda chini, basi tofauti inajikusanya. Ukihesabu mishono unafuata mstari ulioinama. Jaza kwanza, bandika mdomo kwa pini nne, weka kichwa usawa wa macho yako, sogeza, ndipo ushone.

Unaweza kupunguza mwinamo tangu mwanzo. Ukishaingiza sindano kwenye mshono, usiuzungushe uzi juu yake; pitisha sindano juu ya uzi uuvute kutoka chini. Mshono unatoka kama X badala ya V, unabana zaidi na unasimama. Lakini uchague njia moja kwa mdoli mzima, maana X inatoa kipande kidogo kuliko V kwa hesabu ile ile. Mguu mmoja wa X na mwingine wa V utauona tofauti hata kwa mbali.

Mdomo wenyewe: 6, 12, 18, 24, kisha raundi 3 za 24. Utakaa kati ya raundi ya 11 na 18 ya kichwa. Jaza kidogo tu. Ukiujaza sana unakuwa pua ya nguruwe.

mama_ovaroli

Nguo sasa. Ovaroli ya mishono 42 kwa sindano ile ile ya mwili haiwezi kuingia. Mwili ukishajazwa unatanuka, na kitambaa cha nguo nacho kina unene wake. Ongeza moja ya nane hivi: hapa inakuwa 48 kwa sindano ya 3.5.

Kinachokwamisha mara nyingi si suruali, ni cheni ya kiunoni. Cheni haivutiki kama singo. Ianzishe kwa sindano ya 4.5, cheni 48, unganisha kwa slipu (mshono bapa wa kuunganishia) bila kuipinda, kisha rudi 3.5. Fuma raundi 8 za singo kushuka. Kugawa miguu: singo 24, cheni 2, unganisha na mwanzo wa huo mguu, endelea raundi 7. Raundi ya kwanza ina 26; kwenye ya pili punguza mara mbili pale kwenye cheni urudi 24. Mguu wa pili anzia kwenye cheni zile zile 2 ili tundu la katikati lisibaki. Likibaki, lizibe kwa mkia wa uzi.

Kifua: hesabu mishono 12 ya katikati mbele, fuma kwenda na kurudi safu 8. Mikanda miwili ya cheni 20, rudi juu yake kwa singo. Ishonee nyuma ikipishana, na mbele ishonee moja kwa moja kifuani, juu yake tarizi duara dogo la njano lifanane na kifungo. Mtoto akitaka kuvua nguo, acha mkanda mmoja wenye kitanzi na kifungo kilichofumwa, si cha plastiki.

Gambuti: 6, 12, 18, kisha (singo 5, ongeza) mara 3, unapata 21. Raundi inayofuata fuma kwenye vitanzi vya nyuma tu. Hapo ndipo soli inapokunjika na kukaa bapa. Endelea raundi 5 bila kubadili. Mguu wa mbuzi ukiwa na mishono 18, inaingia kwa kubana kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Suruali iishie juu ya gambuti, usijaribu kuichomeka.

Kapu ni 6, 12, 18, 24, raundi moja ya vitanzi vya nyuma, raundi 5 tupu, na mpini wa cheni 20. Bluu ya ovaroli gramu 25 zinatosha, kapu halifiki 10. Na uzi wa bluu iliyokolea au mwekundu uulowanishe kwanza pamoja na kipande cheupe kwa nusu saa. Uzi ukichuja rangi, mbuzi mweupe ataibeba hiyo rangi milele.

malisho_tu

Ongezeni na sura, maana wengi wanafuma mbuzi anatoka kondoo au mbwa. Mkia wa mbuzi umesimama, wa kondoo umelala. Fuma kipande kidogo cha mishono 8, ukishone kikiangalia juu, na nusu ya kazi imeisha. Masikio ya Boer ni marefu na yananing'inia: 6, 9, 12, raundi 4 za 12, kisha rudi 9, kunja bila kujaza, shona raundi ya 8 ya kichwa. Ukitaka mbuzi wa aina ya Saanen, uzi wote mweupe na masikio yasimame yakitazama mbele kidogo.

Mboni ya mbuzi imelala. Tarizi jicho la rangi ya asali, halafu mstari mmoja mweusi wa kulala katikati. Ukiweka doti nyeusi ya duara unapata mdoli wa kawaida wa kila duka.

Pembe zianze na mishono 4, raundi ya 2 hivyo hivyo, ya 3 iwe 6, ya 4 hivyo hivyo, ya 5 iwe 8. Kuzipinda: raundi mbili zinazofuata fuma slipu 4 na nusu dabo 4 (mshono mrefu kidogo kuliko singo), kila mara upande ule ule. Upande wa slipu unakuwa mfupi na pembe inajipinda yenyewe. Mpindo uelekee nyuma.

nyuzi_za_pwani

Asanteni, nimeshafumua kichwa. Mawili yamebaki: mkia utatokea wapi kwenye ovaroli, na kofia itapitaje kwenye pembe?

mama_ovaroli

Mkia: raundi ya 4 kutoka kiunoni, katikati nyuma, cheni 4, ruka mishono 4, endelea. Raundi inayofuata fuma singo 4 juu ya cheni. Shona mkia mwilini ovaroli ikiwa imevaliwa, si kabla, uone tundu liko wapi hasa. Kofia fuata hesabu ya kichwa kwa sindano ya 3.5 hadi 42, na kwenye raundi ya 6 fanya cheni 5, ruka 5, mara mbili, ukiacha mishono 6 katikati. Raundi ya 7, ukifika kwenye cheni, fuma singo 5 juu yake. Pembe zishone mwisho kabisa, kofia ikiwa kichwani.

fundi_raundi

Na asipigwe pasi. Akriliki ikipata moto inalegea na hairudi. Afuliwe kwa maji baridi, akamuliwe ndani ya taulo, aanikwe akiwa amelala. Ukimning'iniza kwa masikio shingo uliyoihangaikia itavutika.