UKOO WA IGOMA: kompyuta ya duka

*Jumatano*

[06:48] Limi: Mwangaluka ukoo. Shikamoo Bibi, shikamooni wakubwa wote. Naomba msome hadi mwisho na kila aliyesoma aandike hata neno moja. Kompyuta ya duka inajaza tarehe za watu vibaya kwenye fomu za maombi ya shule. Jana jioni mteja amerudi na karatasi yake: amezaliwa tarehe 4 mwezi wa 3, fomu inasema 3 Aprili. Cheti na fomu haviendani. Maombi yanafungwa Ijumaa usiku.

[06:50] Limi: Kulwa, usijaze fomu nyingine yoyote kwanza. Fungua Chrome, tafuta kisanduku cha tarehe ambacho hakijajazwa, niambie kimeandikwa nini ndani.

[07:31] Limi: Kulwa?

[07:34] Limi: Nimeona mmesoma watu 14.

[07:40] Masanja: Kulwa yuko kwenye chai. Sato leo soko la Mwaloni wamepanda bei, anayetaka wa Jumapili aseme mapema

[07:41] Mama Kulwa: Niwekee wawili wa kati

[07:41] Limi: Masanja nakuomba. Baadaye.

[07:52] Kulwa: mm/dd/yyyy

[07:55] Limi: Basi ndiyo hiyo. Mwezi umetangulia siku. Chrome yako iko kwenye Kiingereza cha Marekani. Unaandika 04 ukidhani ni siku, yenyewe inaweka Aprili. Mtu wa tarehe 25 hawezi kuponyoka bila kuonekana: ukiandika 25, ile 2 inakuwa mwezi wa pili, 5 inarukia kwenye siku, mwaka unavurugika, utashtuka. Balaa liko kwa waliozaliwa tarehe 1 hadi 12. Hao fomu inawameza kimya kimya.

[07:58] Shija: Dada yuko sahihi. Niongeze kitu: msilaumu tovuti. Tovuti yenyewe hupokea mwaka-mwezi-siku kila wakati, kwa mfano 2007-03-04. Kisanduku ndicho kinachogeuza sura kulingana na lugha ya Chrome. Na lugha hiyo ikiwa sawa na ya Windows, kinaweza kuchukua mpangilio wa tarehe wa Windows. Kwa hiyo rekebisheni kote kuwili, siyo kumoja.

[08:03] Kulwa: Ilikuwa Kijerumani kila kitu tangu inunuliwe. Nilipobadilisha ya Chrome nikachagua Kiingereza cha Marekani, ndicho kilikuwa cha kwanza kwenye orodha

[08:04] Masanja: Mjerumani alishaondoka Mwanza zamani, amerudi kupitia kompyuta 😂😂

[08:04] Shija: 😂

[08:05] Mama Kulwa: 😂😂😂 jamani Masanja

[08:11] Limi: Kulwa, fuata. Usiende kwenye menyu, maana maneno yake hubadilika kwa kila lugha. Bofya pale juu panapoandikwa anwani, uandike hivi hivi:

chrome://settings/languages

Anwani hiyo haibadiliki hata Chrome ikiwa ya Kichina. Bofya kitufe cha kuongeza lugha. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika Kiswahili, kitatokea hata kama jina la kwanza limeandikwa Suaheli, kwa sababu kila lugha imewekewa na jina lake yenyewe. Ongeza na Kiingereza cha Uingereza. Halafu nukta tatu pembeni ya unayoitaka, weka alama kwenye kile kisanduku cha kuonyesha Chrome kwa lugha hiyo. Kitatokea kitufe cha kuwasha upya. Bila kuwasha upya hakuna kilichobadilika. Kiswahili au cha Uingereza, vyote viwili vinatanguliza siku.

[08:13] Limi: Ukishawasha, rudi hapo hapo. Kiswahili kipandishe kiwe cha kwanza, Kiingereza cha pili, Kijerumani kiondoe. Orodha ile Chrome huipeleka kwa kila tovuti unayofungua, na tovuti nyingi zinachagua lugha kwa kuangalia aliyetangulia. Ukikiacha Kijerumani juu, Chrome itakuwa Kiswahili lakini kurasa zitaendelea kuja kwa Kijerumani.

[08:15] Shija: Kisha Windows. Shika kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika intl.cpl, bonyeza kitufe cha kuingiza. Kinafunguka kidirisha cha maeneo, ukurasa wa kwanza ni wa mpangilio wa tarehe. Chagua Kiingereza cha Uingereza, au cha Tanzania kama kimo. Chini kulia kuna kitufe cha mipangilio ya ziada: hakikisha alama ya desimali ni nukta na ya maelfu ni mkato. Kijerumani kinafanya kinyume.

[08:16] Shija: Saa nayo: timedate.cpl. Usitafute Dar es Salaam, kwenye orodha ya Windows haipo. Chagua UTC+03:00 Nairobi, ni saa yetu.

[08:47] Limi: Kulwa umefika wapi

[09:20] Limi: Kulwa.

[09:38] Kulwa: Wateja walikuwa wengi. Chrome tayari Kiswahili. Kisanduku sasa kinaanza na siku. Ila Google bado inaniletea Kijerumani, na YouTube

[09:42] Shija: Hiyo haimo tena kwenye Chrome. Imo kwenye akaunti iliyofunguliwa hapo. myaccount.google.com/language, badilisha lugha unayoipendelea. Ikibadilika inabadilika kwenye tovuti za Google popote akaunti hiyo ilipofunguliwa. Sehemu ya matokeo ya utafutaji iko google.com/preferences, hapo chagua Tanzania. YouTube ina ya kwake: bofya picha ya akaunti juu kulia, utaona lugha na mahali, ni vitu viwili tofauti.

[09:44] Shija: Tovuti moja ikikaidi baada ya hapo, imetunza kuki ya zamani, yaani kumbukumbu ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kompyuta. Bofya alama iliyo kushoto kwa anwani, futa data ya tovuti hiyo peke yake. Usifute kuki zote! Utatolewa kwenye akaunti zote na utaombwa nenosiri.

[09:51] Kulwa: Nenosiri analo Baba mdogo Ngolo. Nikitaka kubadilisha lugha ya akaunti inaniambia nithibitishe

[09:53] Shangazi Kabula: Nilisema.

[09:53] Shangazi Kabula: Kitu cha wote kikae kwa jina la mmoja. Ni ile ile ya injini ya ukoo.

[09:55] Limi: Shangazi naomba leo tusifike huko

[09:56] Shangazi Kabula: Hatujawahi kufika. Risiti ya injini iliandikwa jina la nani?

[09:58] Mjomba Mayala: Kabula.

[09:58] Shangazi Kabula: *Ujumbe huu umefutwa*

[10:02] Masanja: Injini ingekuwa na setingi ya lugha tungeiweka Kikerewe ikarudi yenyewe

[10:03] Masanja: Sawa nimenyamaza

[10:20] Mama Kulwa: Mwanangu asilaumiwe. Doto anasema mweke VPN, lugha zitanyooka

[10:24] Shija: Mama hapana. VPN inakuonyesha uko nchi nyingine, na tovuti zinazokisia lugha kwa mahali ndiyo zitaleta Kiholanzi na mengine. Inaongeza tatizo. Tena TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitaka wanaotumia VPN watoe taarifa, tangu Oktoba 2023. Dukani panapojazwa fomu za watu msiiweke.

[10:26] Mama Kulwa: Sawa baba. Na kwenye simu yangu Chrome imekuwa Kiarabu sijui nani kagusa

[10:29] Shija: Nukta tatu, zinaweza kuwa zimehamia kushoto kwa sababu Kiarabu kinaanzia kulia. Chini kwenye orodha hiyo, karibu na mwisho, kuna mipangilio, ndani yake lugha. Ukishindwa mpe Doto.

[10:40] Limi: Sasa jambo ambalo sikutaka kuliweka hapa asubuhi. Daftari la kikoba, lile la Google Sheets, liko kwenye akaunti hiyo hiyo. Nimelifungua. Limeumbwa kwa mpangilio wa Kijerumani.

[10:41] Limi: Maana yake, aliyeandikiwa 150,000 daftari limesoma mia moja na hamsini. Mkato kwao ni desimali. Aliyeandikiwa 1,250,000 ni mbaya zaidi: mikato miwili haieleweki kuwa namba, imebaki maandishi, na jumla inairuka kabisa. Angalieni wenyewe, namba halisi zimeegemea kulia mwa kisanduku, hizo zimeegemea kushoto.

[10:42] Mjomba Mayala: Unasema nini Limi

[10:42] Mama Kulwa: Eeh?

[10:42] Nkwimba: Mimi niliweka laki tatu

[10:43] Baba Shija: Naomba nione la kwangu

[10:43] Shangazi Kabula: Leo mmeamka wote.

[10:46] Limi: Pesa ipo, haijapotea. Kilichoharibika ni maandishi. Kwenye daftari, menyu ya Faili, kisha Mipangilio, badilisha eneo liwe Uingereza na saa iwe ya Afrika Mashariki. LAKINI kubadilisha hakurudishi zilizokwisha kuingia. 150 itabaki 150. Lazima kila mstari ulinganishwe na daftari la karatasi na uandikwe upya. Njia salama: andikeni tarakimu tupu, 150000, bila mkato. Mkato daftari litaweka lenyewe mkichagua mpangilio wa namba.

[10:48] Shija: Tengeneza nakala kwanza kabla ya kubadilisha eneo. Na tarehe zilizomo uziangalie pia.

[10:49] Nkwimba: Karatasi anayo nani?

[11:15] Nkwimba: ???

[11:32] Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti 1:12

[11:36] Mjomba Mayala: Kwa ambao hawawezi kusikiliza. Bibi anasema: amesikia. Fomu zote zilizojazwa pale tangu kompyuta iguswe lugha zikaguliwe, siyo za tarehe 1 hadi 12 tu. Wenye fomu wapigiwe simu leo jua halijazama, waje na vyeti, na asilipishwe mtu hata mia. Mtoto wa mtu asikose shule kwa sababu ya duka letu. La kikoba, karatasi anayo yeye, iko kwenye sanduku. Atakayeihitaji aende akae naye waisome pamoja. Haitoki nyumbani. Na la injini amesema tusilitaje tena kwenye simu, litazungumzwa akiwepo.

[11:37] Shangazi Kabula: Nimesikia mama.

[11:37] Limi: Tumesikia Bibi. Wabeja sana.

[11:38] Baba Shija: 🙏

[11:38] Masanja: 🙏

[11:52] Limi: Tugawane. Kulwa: kwenye Chrome bonyeza Ctrl na H, historia itakuonyesha kurasa za fomu na siku ulizozifungua, itakusaidia kuwakumbuka wateja. Anza kupiga simu. Mimi nitakuja Igoma kesho asubuhi, nitakaa na Bibi kwenye karatasi. Shija utalifungua daftari kutoka Geita, sisi tukisoma wewe unaandika. Anayeweza kushika duka Kulwa akipiga simu ni nani?

[12:30] Limi: Ni nani?

[13:05] Nkwimba: Ningekuja ila nina zamu

[13:44] Kulwa: Nimewapata baadhi. Wengine simu hazipokelewi. Yule wa jana fomu yake hainipi nafasi ya kusahihisha, inasema imeshatumwa

[13:47] Limi: Usimjazie nyingine juu yake, zitagongana. Chukua namba yake ya maombi, piga picha cheti chake, na tarehe kwenye maelezo iandike kwa maneno: tarehe nne mwezi Machi. Namba za simu za msaada ziko chini ya ukurasa wa fomu. Piga leo, kesho zitakuwa zimejaa.

[13:49] Kulwa: Vocha?

[13:50] Limi: Natuma.

[13:58] Shija: Kulwa, kibodi ya mashine hiyo si ya Kijerumani pia? Y na Z zimebadilishana nafasi. Nenosiri likikataliwa jaribu hilo kabla ya kusema limesahauliwa. Kitufe cha nembo ya Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, inahama kibodi moja hadi nyingine.

[14:01] Kulwa: Kumbe

[16:22] Ngolo: Shikamooni. Nipo Ukerewe mtandao unakuja na kupotea. Nimeona kwa juu juu. Nenosiri ni lile lile

[16:23] Limi: Shikamoo baba mdogo, lile lile lipi? Usiliandike hapa. Mpigie Kulwa. Na Google itatuma tarakimu kwenye simu yako, tukiingia kesho saa tatu asubuhi uwe karibu na simu utusomee, muda wake ni mfupi.

[16:24] Limi: Tukishaingia tufungue akaunti ya duka, tuhamishe daftari huko, namba ya kuthibitisha iwe ya Bibi na ya Mjomba Mayala.

[16:40] Shangazi Kabula: Na yangu.

[17:12] Mjomba Mayala: Hilo la namba Bibi hakulisema. Tumuulize kwanza.

[17:15] Limi: Baba mdogo Ngolo, saa tatu utakuwa na mtandao?

[17:50] Limi: Nimepiga, haipatikani.

[18:06] Kulwa: Waliobaki kwenye orodha ni sita. Wawili wanakuja sasa hivi na vyeti