MJADALA: Boti ya Kibirizi kwenda Bujumbura, programu itunze saa ipi?

FundiWaMwanga: Wadau, natengeneza programu ya tiketi za boti kutoka Kibirizi, hapa Kigoma, kwenda Bujumbura. Sisi tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kupimia; Burundi wako UTC+2. Saa 3 asubuhi yetu kule ni saa 2. Mwenzangu anataka kila kitu kitunzwe kwa UTC, halafu simu ya abiria ibadilishe yenyewe. Mimi naona tutunze saa ya Kigoma basi, hayo mengine mbwembwe. Nani yuko sahihi?

PwaniBoy: UTC mkuu, hilo halina mjadala. Ila unahangaika bure, watu wa Kigoma saa moja asubuhi bado mnakoroma.

BintiUjiji: Tunakoroma? Kaka, saa ya nchi hii imepimwa kwa longitudo 45, ambayo iko baharini huko, hata Zanzibar haijaigusa. Sisi tuko kwenye 29 na ushee. Kila nyuzi moja ni dakika 4, piga hesabu. Jua linatufika utosini saa 7 mchana, siyo saa 6. Ramadhani redio ya Dar inaadhini Magharibi, huku jua bado liko juu ya milima ya Kongo, dakika 40 hivi zimebaki. Tukiwafuata nyie tutafuturu mchana kweupe.

MzeeReli: Binti kasema. Mimi siku zote nasema Kigoma tufuate saa ya Burundi. Ziwa moja, jua moja.

MwalimuKasulu: Haya sasa. Mtihani wa taifa unaanza muda mmoja nchi nzima. Mkijitenga, Dar watafungua bahasha saa nzima kabla yenu, maswali yawakute kwenye meseji mkinywa chai.

MzeeReli: Mwalimu, Kongo ni nchi moja na ina saa mbili, ya Kinshasa na ya Lubumbashi. Mbona watoto wao wanamaliza shule?

MwalimuKasulu: Mitihani yao umewasahihishia wewe, mzee wangu?

NyukiWaTabora: Turudi kwenye boti jamani. Fundi, wewe na mwenzako mmepata nusu nusu. Kilichokwishatokea, kama malipo au boti kung'oa nanga, kitunze kwa UTC. Safari ijayo itunze kwa saa ya ukutani ya pale bandarini pamoja na jina la mahali linalojulikana na kompyuta, mfano Africa/Bujumbura kwa bandari ya Bujumbura, siyo "+2" kavu. Serikali hubadili saa. Sudan Kusini walihama kutoka +3 kwenda +2 tarehe 1 Februari 2021. Aliyekuwa ametunza safari za Juba kwa UTC, basi la saa 3 asubuhi lingejionyesha saa 2. Na Lebanon, Machi 2023: serikali iliahirisha kusogeza saa mbele kwa majira ya joto siku chache tu kabla, wengine wakagoma wakasogeza, nchi ikakaa na saa mbili kwa siku kadhaa.

PwaniBoy: Lebanon na mgebuka wapi na wapi? Hapa hatusogezi saa. Tanzania ni +3 tangu enzi na enzi.

NyukiWaTabora: Enzi zipi? Kabla ya uhuru Tanganyika iliwahi kuwa +2:45.

BintiUjiji: Mmesikia? Hizo dakika 15 warudishiwe watu wa Kigoma.

MamaDagaa: Wanangu, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, hayo ma-UTC siyajui. Mwezi uliopita nililetewa meseji ya tiketi: "Jumamosi 02:00". Nikajua ni saa 8 usiku, sawa. Nikaja Jumamosi jioni na magunia yangu, naambiwa boti imeondoka jana usiku. Kwangu mimi ule ni usiku wa Ijumaa! Dagaa nikawauza pale pale kwa hasara.

PwaniBoy: Mama, simu imeandika Jumamosi, kosa la nani? Tujifunze kusoma saa za kwenye simu.

BintiUjiji: Hata shikamoo hujatoa, umeshaanza kumfundisha mama wa watu kusoma. Wewe Ijumaa usiku ukikesha harusini mpaka saa 8, unasema umekesha Jumamosi?

PwaniBoy: Shikamoo mama. Hoja yangu iko pale pale.

MamaDagaa: Marahaba. Hasara yangu nayo iko pale pale.

NyukiWaTabora: Hilo la mama ndilo litakalokupotezea wateja, Fundi, kuliko UTC. Andika "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa 8". Ndani ya kompyuta tarehe inageuka saa 6 usiku, lakini abiria hana habari na hilo.

MzeeReli: Tungekuwa na saa ya Burundi yasingetokea hayo.

MwalimuKasulu: Yangetokea vile vile, mzee. Tena saa nzima baadaye.

FundiWaMwanga: "Kuamkia" nimeiweka. Nyuki, swali la mwisho: kwenye orodha ya majina ya mahali natafuta Africa/Dar_es_Salaam, inanipeleka Africa/Nairobi. Nimekosea wapi?

NyukiWaTabora: Hujakosea. Tangu 1970 saa zetu na zao hazijatofautiana, kwa hiyo jina la Dar limeelekezwa Nairobi. Litumie tu, linafanya kazi.

PwaniBoy: Ngoja kwanza. Yaani saa ya Dar es Salaam inatunzwa Kenya?!

BintiUjiji: Karibu Kigoma, kaka. Sasa na wewe umeonja kupangiwa saa na watu wa mbali.

PwaniBoy: Hili halikubaliki. Nani aliidhinisha?