MREJESHO: Mchele wa mwekezaji shehiani kwetu, Wete, Pemba

Assalamu alaykum. Nliuliza humu: kampuni inagawa mchele na kanga, mgombea ubunge kasimama pembeni anapeana mikono, hiyo sadaka au rushwa? Mkanambia nisiseme vichochoroni, nikaseme kwenye mkutano wa shehia. Nimekwenda.

Bwana, miguu ilikuwa ikitetemeka. Nikasema kuwa takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ya Tanzania iliifuta tangu 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 imeweka ukomo wa matumizi. Mzee mmoja akanikata: "Mwanangu, mchele tushaula!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Lakini bibi mmoja mkulima wa mwani akasimama. Akauliza: huyu mgombea wa kampuni akishakuwa mbunge, siku tukidai njia yetu ya kwendea pwani, atamsikiliza nani, sisi au kampuni? Hapo palinyamaza. Mimi na vifungu vyangu vya sheria sikuifikia hata robo ya swali lile.

(Yule aliyenambia humu kuwa Ulaya na Marekani hayapo haya ya fedha za makampuni kwenye uchaguzi: 2010 hiyohiyo Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, iliyaruhusu makampuni kutumia fedha bila kikomo kwenye kampeni, almuradi yasimpe mgombea mkononi. Miji mingi huko ikapitisha maazimio ya kupinga.)

Sheha kaandika malalamiko yetu, nakala tunaipeleka ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, wiki hii. Kanga ya mke wangu bado iko kabatini, hataki kuirudisha.